Santuri Iliyopakwa Mafuta ya Nazi

Hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi, mikono yangu hutulia yenyewe. Wanangu hunicheka. Ngoja niwasimulie ninyi, maana wao wameshachoka kusikia.

Baba alikuwa karani wa bandari, Mhaya aliyehamishiwa Mtwara akaipenda kuliko kwao. Nyumbani kwetu Shangani alikuwa na kabati la santuri zilizotiwa saini na wanamuziki wenyewe. Bendi ikija mjini, baba huyo nyuma ya jukwaa na kalamu yake. Kuzikagua alinifundisha mimi, binti yake wa pekee: unaishika kingoni, unaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha kutafuta mikwaruzo, kisha unanusa kama ina ukungu. Madaraja tuliyaazima kwa wakulima wa korosho: standadi kwa nzuri, andagredi kwa mbovu. Andagredi haikuguswa na sindano ya gramafoni yetu, kwa kuwa ilikuwa sindano ya mwisho na Mtwara nzima hukupata nyingine. Sheria hiyo niliisimamia kwa ukali kuliko baba mwenyewe. Santuri moja tu sikuruhusiwa kuishika, ile iliyosainiwa siku ya harusi yake na mama, na jambo hilo liliniuma.

Jumapili moja akaja Mzee Hamisi, mkulima wa Mtawanya, na santuri iliyofungwa ndani ya kanga. Kwenye karatasi ya katikati mwimbaji alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, "Kwa Somoe, mcheza hodari," na saini yake. Somoe alikuwa mke wa mzee, naye alikuwa ametangulia mbele ya haki.

"Bwana karani, gramafoni yangu imekufa," alisema. "Nnaomba niusikie wimbo wake, japo mara moja."

Niliiinamisha dirishani. Iling'aa kuliko zote za baba! Nikanusa: mafuta ya nazi. Kumbe mzee aliipaka kila Ijumaa, kama watoto wanavyopakwa wakitoka kuoga, isije ikakauka. Mafuta yalikuwa yamenasa vumbi kwenye mifereji yote.

"Andagredi," nikatamka.

Mzee akainamisha kichwa, akaanza kuikunja kanga yake. Nilitazamia kukemewa kwa kumhukumu mgeni. Badala yake baba akasema, "Hakimu kasema. Sasa hakimu ataiosha?"

Maji yangeondoa mafuta, lakini tone moja likipenya kwenye ile karatasi lingeondoka na jina la Somoe. Baba alimvuta mzee uani wakanong'ona kidogo, kisha akarudi.

"Haya, mama. Kazi kwako."

Nikafunika karatasi kwa kifuniko cha kopo la siagi, nikakikandamiza kwa kiganja mpaka vidole vikafa ganzi. Mkono wa pili ulisugua taratibu kwa kitambaa kilichokamuliwa, chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukifuata mifereji. Nilipoinua kifuniko, Somoe alikuwepo, herufi zake zote, kavu kabisa.

Wimbo ulitoka na mikwaruzo yake, lakini ulitoka. Mzee Hamisi akasimama akacheza peke yake sebuleni kwetu, mkono mmoja mbele kana kwamba umeshika kiuno cha mtu. Nilivimba kichwa wiki nzima, siwafichi.

Baba hayupo tena, kabati ninalo mimi. Mwaka jana nilikwenda Mtawanya kumwamkia Mzee Hamisi, nikamuuliza walinong'ona nini siku ile. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Babako kanambia, wino ukifutika, nichukue ile santuri ya harusi yake. Nikamuuliza, huogopi? Akasema, 'Mimi simjui mwanangu?'"

Niliporudi nyumbani niliitoa santuri ile, nikaishika kingoni, nikaiinamisha dirishani. Standadi, haina hata mkwaruzo. Miaka yote nilidhani baba hakuniamini nayo, kumbe alishaiweka mikononi mwangu Jumapili ile, akanyamaza tu ili mikono isitetemeke.