Namna Tulivyoingiza Hewa Ndani ya Mulima

Niliacha shule primaire ya nne, na sioni haya kuisema, kwa sababu leo watu wenye diplome wanatembea siku mbili ndani ya pori la Walikale kuja kuangalia shimo langu. Wanafika na matope mpaka magotini, wanainama pale mulangoni, wanashika-shika miti iliyobeba dari, halafu wanauliza ni ingenieur gani aliyepanga kazi hii. Nawajibu kwamba amesimama mbele yao na bado hajakula.

Barabara ya gari inaishia mbali. Kutoka Itebero ni miguu tu. Kila kitu mutakachokiona pale kilifika juu ya mugongo wa mutu: motopompe ya kuvuta maji, tuliyoifungua vipande vipande, mabati, misumari, magunia ya maharagi, hata mulango wa chuma wa stoo, ambao wanaume wanne waliubeba wakiimba nyimbo za kanisa njia nzima. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, kubeba. Mutoto wa Masisi, nimezaliwa kwenye vilima vya ng'ombe juu ya Lushebere, nikaingia pori kubebea wengine mizigo. Kutoka kubeba nikachimba, na kutoka kuchimba nikawa PDG. Kwetu PDG si yule wa ofisini. Ni mwenye shimo, yule anayelisha wachimbaji na kujibu maneno yao yote.

Shimo langu halishuki kama kisima. Linaingia mulimani kwa ubavu, karibu na kijito, linaenda moja kwa moja, kisha linapinda kushoto kufuata filon, ule mushipa wa jiwe jeupe wenye kubeba dhahabu. Siku ya kulifungua, muzee wa kimila mwenye ardhi ile alileta kuku mweupe na kunyunyiza kasiksi mulangoni, na pombe ile ya ndizi ilikuwa haijakauka wakati katekista wetu alipoanza kuomba. Nilitaka pande zote mbili ziridhike. Lakini muzee aliniachia sharti ambalo kule kila mutu analijua: shimo likilala mwezi mumoja bila kuchimbwa, linarudi kwake, na yeye anamupa mwingine.

Nilicheka. Nani angeacha shimo kama lile?

Hewa njo ilinijibu. Tulipopinda kushoto na kuendelea, mushumaa ulianza kulegea, kisha ukawa unazimika wenyewe. Wachimbaji walipiga nyundo kidogo tu, wanarudi mulangoni wakishika kichwa. Wale ni wanaume wa kweli, nimewaona wakitoa jiwe kubwa kuliko ng'ombe bila kupandisha sauti. Wakisema hawawezi, basi haiwezekani. Waliniambia kwa heshima kwamba watavumilia mpaka Pentekoste, halafu watashuka Itebero kutafuta kazi kwingine. Wakienda, mwezi ungepita. Na ng'ombe zangu zote nilikuwa nimeziuza kwa ajili ya shimo lile.

Nikaamua kutoboa shimo la hewa kutoka juu ya mulima, lishuke mpaka kule mwisho tulikokuwa tunachimba. Niliingia na kamba yenye mafundo, nikapima ndani: kutoka mulango mpaka pale tunapopinda, halafu kutoka pale mpaka mwisho. Nikatoka nje, nikalaza kamba juu ya majani kutoka mulangoni, nikapanda nayo mulima, hesabu ileile, nikapinda kushoto, hesabu ileile, nikasimika kijiti. Nikawaambia wachimbe pale. Sikumuuliza mutu. Nilikuwa najisikia sana.

Walishuka wiki baada ya wiki. Udongo mwekundu, halafu changarawe, halafu mwamba. Ndani ya shimo la chini tulingoja kuona dari inafunguka, na dari haikufunguka. Alhamisi, kabla ya ile Pentekoste, niliona wachimbaji wanakunja mablanketi.

Njo pale nilimufuata yule aliyenisimamishia miti yote mule ndani. Ni mwindaji wa Walikale, ananizidi umri kidogo, hajakaa shuleni hata siku moja. Anatembea porini akigonga miti kwa panga, mumoja mumoja, na ule anaouchagua haujawahi kutuangushia dari. Mutu yule namuheshimu kuliko wote wenye koti. Tuliingia wawili, tukawaagiza wa juu wapige nyundo mwambani kwa zamu. Akaweka sikio kwenye dari. Akaliondoa. Akaliweka ukutani, upande wa kijito, akashuka polepole mpaka akalala chini kabisa.

"PDG, bale bantu habako juu yetu," akasema. "Bako hapa pembeni. Na banaanza kutupita chini."

Nilimuambia haiwezekani, nilipima na mikono yangu.

"Ulipima kamba iko wapi?"

"Juu ya mulima."

"Iko inanyooka hewani sawasawa, ao iko inalala juu ya mugongo ya mulima?"

Nikamujibu ilikuwa inalala. Akaniuliza kwetu tunapimaje shamba. Nikamueleza kama baba yangu alivyonifundisha: unalaza kamba juu ya udongo, unapanda nayo kilima, kwa sababu udongo ule njo utakaoulima. Masisi nzima tunapima hivyo, na maharagi hayajawahi kulalamika.

Alikaa chini akacheka mpaka akakohoa ile hewa mbaya.

"Basi Papa, umetupimia shamba ya maharagi. Kamba yako ilikuwa inapanda, sisi humu tulitembea sawasawa. Njo maana iliishia karibu na mulango."

Ilinichoma, lakini niliona mara moja kwamba ni kweli. Kamba yangu ilimalizika kwenye kupanda, haikufika mbali mulimani. Shimo la hewa lilikuwa linashuka sambamba na sisi, ndani ya mwamba, ubavuni. Nikachukua makaa, nikachora alama palepale alipokuwa ameweka sikio, nikatoka kwenda kwa wachimbaji na mablanketi yao. Niliwaambia kosa ni langu, la kamba yangu niliyoilaza kama kwenye shamba, na kwamba naanza kutoboa ule ukuta mimi mwenyewe. Mumoja akaniuliza kama nitapanda na maharagi. Wakacheka wote, na wawili wakanifuata.

Tulipiga Ijumaa yote kwa kupokezana, dakika kidogo kila mutu, huku wa juu wakigonga na yule mwindaji akitusogeza mara huku, mara kule. Jumamosi kabla ya saa sita, ncha ya chuma changu iliingia bila kugusa kitu. Nikaivuta. Vumbi likaniruka usoni, na nyuma yake upepo wa baridi wenye harufu ya majani. Mushumaa uliinama, ukanyooka, ukawaka mweupe.

Hakuna aliyeshangilia. Wachimbaji waliingia mumoja mumoja, hata wale waliokuwa wameshavaa viatu vya safari, wakakaa chini kwenye ukuta, midomo wazi, wakivuta ile hewa. Ilikuwa siku ya kazi, na filon ilikuwa mbele yetu inang'aa. Nikakaa na wao.