Mchwa wa Gerishom

"Mimi si mpangaji wa mtu! Hata mchwa wa kiwanja changu ni wangu!"

Gerishom aliyasema hayo kwenye harambee ya paa la kanisa, hapa Muyeye, mwaka wa themanini na nne, akiwa ndiyo kwanza ametoa mabati mawili. Watu wakapiga makofi. Jedida, mkewe, akatazama viatu vyake.

Maana nyumba ilikuwa ya Gerishom kweli: kuta, madirisha, hata kufuli. Lakini kiwanja kilikuwa cha Bi Mwanakombo wa Mambrui, na kila mwezi Gerishom alimpelekea ijara ya kiwanja. Ndiyo mambo ya pwani: nyumba ya huyu, ardhi ya yule, na wote wanalala usingizi. Ila kwao Gerishom, huko milima ya Taita, mwanamume asiye na ardhi ni mgeni tu aliyechelewa kuondoka. Basi zile safari za Mambrui akaziita "kumjulia hali mgonjwa". Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzima kuliko punda wake.

Siku Karisa, karani wa baraza la mji, alipopita akiandika wenye viwanja, majirani walikuwa wamesimama wanatazama.

"Hiki cha nani?"

Gerishom akatanua kifua. "Cha nani tena? Changu!"

Kodi ya ardhi ikaja. Thamani ya Muyeye ilikuwa imepanda pamoja na mahoteli ya watalii, na Gerishom, mpishi wa hoteli mojawapo, aliisoma karatasi ile akakalia gunia la vitunguu. Asipolipa, nyumba ingepigwa mnada.

"Kata rufaa," Jedida akasema. "Useme kweli."

"Mbele ya watu?"

"Kwani mchwa watakulipia, Baba Kasiva?"

Siku ya rufaa, Gerishom alimleta Bi Mwanakombo awe shahidi. Chumba kilijaa, kila mtu na karatasi yake ya kulalamikia, na nusu yao walikuwapo kwenye ile harambee.

"Unapinga nini, bwana?" akauliza Karisa.

"Kiwanja si changu," Gerishom akanong'ona. "Ni cha Bi huyu."

"Sikusikia, mwanangu," akasema Bi Mwanakombo, ambaye kuku akitaga Gongoni yeye humsikia akiwa Mambrui. "Masikio yangu mazito. Sema kwa nguvu."

"Kiwanja ni cha Bi Mwanakombo!"

"Na mchwa?" akauliza Thuku mwenye duka, kutoka benchi la nyuma.

"Mchwa gani tena?" Bi akageuka. Watu wakamsimulia, wakikatizana maneno. Akacheka mpaka buibui likamshuka begani.

Gerishom akaukodolea macho ukuta. "Na mchwa ni wa Bi."

Karisa akalifuta jina lake, akaandika la Bi Mwanakombo. Nyumba ikapona. Nje, Gerishom akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi. Ahsante sana."

"Marahaba, mwanangu. Lakini kodi ile sasa iko shingoni mwangu, na mimi sipiki hotelini."

Ijara ya kiwanja ilikuwa shilingi ishirini kwa mwezi. Ikawa thelathini na tano.