Rima la Bi Mwajuma

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilitarajia kupewa bunduki. Nikapewa koleo. Bosi wangu, Afisa Wanyamapori, mtu wa Songea asiyependa maneno mengi, aliniambia kuwa huku Chamazi hakuna simba wa kupigana naye. Kuna nguruwe pori wanaomaliza mihogo, na kuna mashimo ya kuwatega. Kazi yangu ni kuyakagua.

Shimo hilo huitwa rima. Huchimbwa kwenye njia ya nguruwe, pana juu na jembamba chini, ili mnyama akwame miguu asiweze kuruka. Udongo mbichi hupelekwa mbali, maana nguruwe ana pua kali, kisha juu hutandazwa fito na majani. Wazee walisimulia kwamba babu zao waliyachimba pia kuzunguka vijiji wakati wa vita, na ndani wakasimika vijiti vilivyochongwa. Vijiti sisi tulivipiga marufuku. Tena rima la adui lilifichwa kabisa, ila la nguruwe lazima liwekewe alama: nyasi za pembeni hufungwa mafundo, na mpita njia anajua asikanyage hapo.

Anayejua ni mwenyeji, lakini. Viwanja vilipoanza kuuzwa walikuja watu wa kila mkoa. Mmoja wao, karani kutoka bara, alinunua kiwanja jirani na shamba la Bi Mwajuma, mjane aliyeishi kwa mihogo yake. Alipokuta nyasi zimefungwa mafundo mpakani, akaamini amerogwa. Akazing'oa, akaziombea, akazichoma moto. Siku chache baadaye akatumbukia rimani, akavunjika mguu. Mtaa mzima ukasema bibi ni mchawi, na vijana wakaapa kumchomea nyumba.

Nilimwomba bosi twende wote.

"Sie si polisi," alisema, huku akivaa kofia. "Lakini yule bibi akichomwa, hilo koleo lako halitatusaidia kitu."

Mbele ya mwenyekiti wa mtaa, Bi Mwajuma alifunga fundo la nyasi na kueleza maana yake. Wazee wa Kizaramo waliokuwepo wakathibitisha. Karani, mguu kwenye plasta, hakuinua uso. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia vilevile.

"Bibi, nisamehe. Sikujua."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila wale uliokwishawaambia kuwa mimi mchawi, nani atawapitia?"

Bosi aliamuru rima lifukiwe siku hiyohiyo. Nguruwe wakamaliza shamba, naye Bi Mwajuma akauza, akahamia kwa mwanawe Mbagala.

Mimi nikahamishiwa Kunduchi kufukuza tumbili mahotelini, chini ya bosi mwingine, mpenda vikao, hadi nikastaafu.

Sasa nimejenga Chamazi. Nguruwe hawapo, na mashamba hayapo. Palipokuwa na shamba la Bi Mwajuma pana kituo cha bodaboda kinachoitwa Kwa Mchawi. Vijana wa pale nimewaeleza mara nyingi. Wananipa shikamoo, wananisikiliza mpaka mwisho, wanasema, "Kumbe, mzee." Kesho yake jina ni lilelile. Inaniuma. Na nikiwa na mgeni asiyejua nyumbani kwangu, humwelekeza mwenyewe kwenye simu: shuka Kwa Mchawi.