Kabichi la Mapambo na Pua ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kitalu cha kampuni moja ya bustani huko Sib, kando ya Maskati, Omani, nilikabidhiwa trei ya miche nikaambiwa ni maua. Nikaitazama, nikaona kabichi. Nilikuwa nikicheka peke yangu pale mhandisi wa kilimo, mzee aliyekulia Tabora, aliponijia.

"Unacheka nini, Bi Zuwena? Hiki ni chakula cha macho. Subiri baridi, utaona."

Niwaambie nyinyi vijana mnaoingia vitaluni sasa: kabichi la mapambo halitoi rangi kwa sababu umelipenda. Mbegu tulizisia joto likielekea kuisha, chini ya wavu wa kivuli, maana jua la Maskati lingezibabua. Miche ikishika tuliipa mbolea ya kukuza majani, kisha usiku ukianza kupoa tukaikatia mbolea hiyo. Ukizidi kuilisha inanenepa tu na kubaki kijani. Baridi ndiyo inayoipaka rangi, na rangi huanzia moyoni: zambarau, waridi, au nyeupe. Kwa kuwa baridi yenyewe hapa ni ya kubembeleza, kila asubuhi mhandisi alizunguka matutani akifunua majani ya katikati, kama anayemchungulia mtoto aliyelala.

Chungu cha kwanza kilichokolea rangi nilikinunua nikampelekea mama. Mama yangu alizaliwa Unguja, na hata hapa hakuwahi kwenda harusini bila kikuba, kile kishada cha asmini na mrehani ambacho wanawake wetu hukibandika kifuani. Akainama, akanusa.

"Hili halinukii."

"La kutazama tu, mama."

"Ua lisonukia ua gani? Nnakuuliza! Lete, nilitie nazi."

Nilicheka, lakini iliniuma. Nilitaka mama aione kazi yangu, basi.

Baadaye nilihamishiwa Bandari ya Sultan Qaboos, kupanga vyungu mahali wanaposhukia watalii wa meli. Msimamizi wa pale alikuwa mkali, na neno lake lilikuwa moja: "Maji chini, si juu ya majani!" Alikuwa na haki, kwani maji yakituama katikati, moyo huoza.

Kisha nikapelekwa kwenye maua ya kukata, chini ya bibi meneja aliyekuwa akiyauza kwenye hoteli za Qurum. Huko miche hupandwa karibu karibu ili igombanie mwanga, na majani ya chini huchumwa kila mara. Shina hurefuka, juu kikabaki kichwa kidogo chenye umbo la waridi, tayari kwa shada.

"Maji ya chombo yabadilishwe kila siku," meneja alitusisitizia. "Mteja akisikia harufu ya kabichi, tumekwisha."

Siku moja nilisahau kuyabadilisha, chumba kizima kikanuka kabichi bovu, na kosa hilo nilimsimulia mama. Alicheka mpaka machozi. "Kumbe linanukia! Mpaka lioze!" Hata hivyo kila msimu nilimpelekea, na kila msimu alilinusa, akalisukuma pembeni.

Mwaka niliostaafu mama aliugua mafua mazito. Alipona, lakini pua haikupona, na daktari hakutupa matumaini. Nilimkuta ukumbini, asmini zimemjaa pajani, akizisugua vidoleni na kuzipeleka puani, tena na tena.

"Asmini za siku hizi zimekuwaje, mwanangu?"

Nilikwenda jikoni nikalia.

Watu huniuliza kazi ile ilinipa nini. Ilinipa mgongo mbovu, na ilinipa jioni moja. Siku ya mwisho wenzangu walinifungia shada la kabichi la mapambo, zambarau na jeupe. Nusura niliache garini, nikichelea kumtonesha mama, ila mikono ilishazoea kumpelekea.

Alilipokea. Kwa mara ya kwanza hakulipeleka puani. Alipitisha vidole taratibu kwenye kingo zake za mikunjo, akaifuata rangi kutoka ukingoni hadi moyoni, kisha akaanza upya.

"Hili ndo ulokuwa ukilifanya miaka yote?"

"Ndilo, mama."

Akaligeuza, akalitazama upande wa pili.

"Zuri, Zuwena. Mbona hukunambia?"

Nilikuwa nimemwambia kila msimu, tangu chungu kile cha kwanza. Nikaubusu mkono wake.

"Nilisahau, mama."