Niambie Unaona Nini

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mbata, nazi zilizokaushwa, pale Dar es Salaam. Katika miaka saba ya ndoa yetu nilikuwa nimelipanda lori lile mara mbili tu, na mara zote mbili nilikaa nyuma juu ya magunia. Kwa hiyo mwaka ule, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza imeingia, Idd ilipoangukia Ijumaa na yeye akarudi kutoka msikitini akaniambia, "Vaa, mke wangu, tajiri ametuachia gari mpaka Jumapili jioni," nilidhani ananitania.

"Tunakwenda wapi?"

"Bagamoyo kwa shangazi. Kesho tuvuke Ruvu, twende Makurunge ukamwone mama yako. Na leo utakaa mbele."

Nilivaa khanga zangu za sikukuu, nikatupia buibui, nikachukua kapu la vitumbua na chupa ya chai. Hatukuwa na mtoto wa kumfungashia, kwa hiyo safari zetu zilikuwa nyepesi.

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Tuliweza kumaliza mlo mzima kwa "leta chumvi" na "alhamdulillahi", na mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea. Lakini siku ile, tulipoanza kuiacha Kunduchi nyuma, aliniambia bila kugeuza kichwa, "Niambie unaona nini."

"Wapi?"

"Popote. Bahari ikoje leo?"

Nikamwambia maji yamekupwa, na wanawake wameinama kule mbali wakiokota chaza, mmoja kafunga kitambaa chekundu kichwani.

"Na mbele?"

"Mbele kuna mtu na baiskeli. Kafunga mkungu wa ndizi."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Akapunguza mwendo, tukampita taratibu, na mwenye baiskeli akatupungia mkono. Basi nikafunguka. Nilimwambia juu ya mashimo, juu ya mbuzi, juu ya nyumba iliyoezuliwa paa, juu ya bibi harusi niliyemwona Bunju akitolewa nyumbani kwao. Kila nilichokisema alikipokea. "Ehee," alisema, "na sasa?" Nilisema mengi siku ile kuliko nilivyopata kusema tangu anioe. Nilijiona mwanamke aliyependwa. Nikikumbuka furaha ile hadi leo naona haya, kama mtu aliyecheka msibani bila kujua kuwa ni msiba.

Tulipokaribia Bagamoyo minazi ikaachana, bahari ikatokea yote. "Ikoje?" akauliza tena. Nikanyoosha shingo nimweleze, ndipo nikagundua kwamba ninatazama kwa kumpita yeye. Bahari ilikuwa upande wake. Angegeuza uso tu, angeiona kabla yangu.

Nilimweleza hata hivyo. Lakini sauti yangu ilikuwa imepungua.

Shangazi yake alikaa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, mama wa makamo, mjane, aliyemlea tangu alipofiwa na mamake. Tuliamkiana, "Shikamoo shangazi," "Marahaba wanangu, Idd mubarak," akatukalisha barazani, akamnyooshea mume wangu kikombe cha kahawa. Mkono wa mume wangu ukapita pembeni ya kikombe, ukashika hewa. Akaurudisha, akakipata.

"Mwanangu, macho yana nini?" akauliza shangazi.

"Vumbi la njiani tu."

Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kahawa.

Kesho yake tulifika kwenye pantoni ya Ruvu jua likiwa juu. Gari huingia pantoni kwa kupita juu ya mbao mbili, kila mstari wa magurudumu juu ya ubao wake, na ukikosea kidogo unaingia mtoni. Mvushaji alisimama akionyesha kwa mikono, kulia, kushoto. Mume wangu alizima injini. Akasema, "Shuka, mke wangu. Simama pale mbele kwenye pantoni, usawa wa katikati ya mbao mbili, uniite."

"Nikuite vipi?"

"Niite tu. Usinyamaze."

Nikashuka. Nikasimama juu ya pantoni, mtu mzima mimi, mbele ya wasafiri wote, nikawa naita, "Njoo! Njoo, bwana! Njoo!" Watu wakacheka, mvushaji akacheka. Lori likaja likinguruma kuelekea sauti yangu, na juu ya usukani niliuona uso wa mume wangu umekaza, masikio mbele kama ya mnyama. Alipofika alisimama hatua mbili kutoka kifuani pangu.

Ng'ambo ya pili alisimamisha gari kivulini, nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Unaona nini?"

Akafikiri. "Naona kama mtu anayechungulia ndani ya mrija wa jani la mpapai. Pale katikati napaona. Pembeni hakuna kitu. Na mrija wenyewe unazidi kuwa mwembamba." Daktari alikuwa amemwambia kwamba mishipa ya macho inakufa, na kwamba hana dawa ya kumpa.

"Tajiri anajua?"

"Ajue ili iweje?"

"Sasa kwa nini umenileta huku na hali unajua?"

Aliupangusa usukani kwa kiganja, kana kwamba una vumbi. "Nilitaka nikupitishe pwani hii mara moja, nami bado ni dereva."

Makurunge mama alituchinjia jogoo, akamsifu mkwewe mbele ya majirani kwa kumletea mwanawe kwa gari. Nilikula, nikacheka panapochekwa. Niliaga bila kumwambia lolote.

Jumapili tulirudi, na safari hii niliisema njia kama mtu anayesoma uradi. Shimo. Ng'ombe, kushoto. Kona. Njia nyeupe, haina mtu. Karibu na Kerege nilikuwa nimetoka kumwambia njia ni nyeupe, nikageuka kidogo kuziba chupa ya chai, mara nikasikia kishindo na kelele ya mwanamke. Alikuwa ametokea shamba la mihogo upande wa dereva, mtungi wa maji kichwani. Ubavu wa lori ulimpiga begani, akaanguka juu ya vigae vya mtungi wake.

Niliruka chini. Alikuwa mjamzito, tumbo la miezi saba au minane. Mkono unamtoka damu, lakini alikaa kitako mwenyewe, akajishika tumbo, akasubiri. Sote watatu tulisubiri. Kisha akasema, "Anacheza." Nikavua khanga yangu ya juu nikamfunga mkono.

"Hukuniona, kaka?" akamuuliza mume wangu. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

"Nisamehe, dada. Jua lilinipiga machoni."

Tulimfikisha kwao tukawaomba radhi wazee wake. Tuliporudi garini mume wangu akasema, "Haya, niambie njia."

"Kesho umwambie tajiri."

"Nitamwambia."

"Kesho?"

"Nikishapata kazi nyingine."

"Kipofu atapata kazi gani?"

Neno lilinitoka. Yeye mwenyewe alikuwa hajalitamka hata mara moja. Alikaa mikono juu ya usukani, halafu akawasha gari, tukaenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu mpaka Dar es Salaam. Mimi naisema njia, yeye hajibu.

Jumatatu aliamka kama kawaida, akavaa, akaenda kazini. Nilijua kesho yake lori linapakiwa kwenda Morogoro. Nilikaa jikoni nikauona tena mkono wa yule mjamzito umeshika tumbo. Nikavaa buibui nikaenda dukani kwa tajiri, nikapitia mlango wa nyuma, nikamwambia, "Mume wangu haoni." Niliondoka kabla hajaniuliza zaidi.

Yaliyofuata nilihadithiwa. Tajiri alimwita mbele ya makuli, akamwonyesha mkono kwa pembeni, akamuuliza ni vidole vingapi. Mume wangu akasema vitatu. Akaulizwa tena, akasema viwili. Tajiri hakuwa amenyoosha kidole hata kimoja.

Alirudi nyumbani kwa miguu kabla ya adhuhuri. Alikaa kitandani akavua viatu.

"Ulikwenda dukani?"

"Nilikwenda."

"Haya," akasema. Hatukulizungumza tena jambo lile.

Tulihamia Dunda kwa shangazi. Ule mrija wa macho yake uliziba kabisa mwaka wa tatu tangu tuhamie. Alijifunza kusokota kamba za usumba wa nazi kwa kupapasa, na kamba zake zilikuwa nzuri, wavuvi walizitaka. Hakunipiga, hakunitukana, hakuniacha. Nikipika alikula, nikimshika mkono kumpeleka msikitini alinifuata. Ila hakuniuliza tena ninaona nini. Siku moja nilijaribu mwenyewe, nikamwambia, "Mbaazi za uani zimetoa maua." Akasema, "Najua mbaazi zinavyotoa maua," akaendelea kusokota.

Tuliishi hivyo miaka kumi na minne. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilikaa mkekani kando ya kichwa chake, nikamwomba radhi kama mke anavyopaswa kumwomba mumewe. Nilimwomba la chakula kilichochelewa, la maneno makali, la watoto ambao sikumzalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akautafuta mkono wangu, akaupata.

"La chakula nimekuwia radhi," akasema. "La maneno nimekuwia radhi. La watoto halikuwa lako. Yote hayo nimekuwia radhi, mke wangu."

Nilingoja. Nilijua kuna moja ambalo sikulitaja, na yeye alijua. Sikulitaja kwa sababu nisingeweza kulitubia. Yule mwanamke wa Kerege alijifungua salama mwezi uliofuata, nilipeleka salamu nikajibiwa. Ningeamka Jumatatu ile mara mia, ningevaa buibui mara mia.

Aliushika mkono wangu hadi alasiri, wala hakusema neno jingine.