Kengele ya Mwandishi wa Barua

Jumatatu moja nilikuwa nje ya ofisi za serikali Homa Bay, nikimngoja karani aliyekwenda kunywa chai. Kando yangu alikaa mzee anayeandikia watu barua kwa taipureta. Ile kengele ya mwisho wa mstari alikuwa ameirekebisha ilie katikati ya mstari. Ikilia, aliinua vidole na kumkazia mteja macho.

Akaja mama ambaye mumewe alikuwa akichimba dhahabu Macalder, na hakuwa amefika nyumbani tangu mavuno.

"Andika: hatujambo, kuku hawajambo, hata pasta anakusalimia..."

Kengele ikalia.

"Mama, unayemtaka ni pasta?"

"La!"

Mzee akachomoa karatasi, akaweka nyingine.

"Andika: nimesikia habari za huyo mwanamke wako mrefu, mwenye viatu vyekundu..."

Kengele ikalia.

"Huyu naye tumwalike nyumbani?"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, kisha akaendelea kuyafuta ingawa kicheko kilikwisha. Akasema polepole, "Baba watoto, nyumba inavuja. Rudi, nina hamu nawe."

Safari hii mzee aliipa kila sentensi mstari wake, na kengele haikulia.

Wiki mbili baadaye nilimuuliza mzee kilichotokea.

"Mumewe alishuka basi Jumamosi," akasema. "Barua ilikuwa mfukoni, imechakaa kwa kusomwa."

Mimi nimejaza safu hii ya gazeti miaka minne, wasomaji wangu, na sijasikia mtu hata mmoja aliyepanda basi kwa ajili yangu.