Simu ya Mkataba

Simu ya kwanza ya mkononi kuingia nyumbani kwetu Kulesa ilifika imeviringishwa ndani ya sweta ya kijani. Ililetwa na mwanamke wa kanisa letu aliyekuwa amekwenda Uingereza kwa mkutano. Aliyempa ni dada yangu mkubwa, muuguzi, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka minne huko bila kurudi hata mara moja.

Mama hakuitazama simu. Aliichukua sweta, akajifunika nayo uso, akavuta pumzi.

"Hainuki yeye," akasema. "Inanuka sabuni tu."

Kabla ya yale mafuriko makubwa tulikuwa na utaratibu wetu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mimi na mama tulikwenda posta ya Garsen, tukaketi kwenye benchi la nje kungoja simu ya mezani ilie. Ikilia, karani alitupungia mkono na sisi tukaingia mbio. Dada alisema anapiga kutoka kibanda cha barabarani, kwa kuwa chumba alichopewa na hospitali hakikuwa na simu. Kisha mto ukafurika. Ukala migomba, ukala mpunga, ukachukua nyumba yetu, ukaangusha nguzo za simu. Maji yalipokauka na barabara ikapitika, ile simu ya posta ilikaa kimya karibu mwaka mzima.

Zikabaki barua. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi, naye alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kila mara, "Hiyo ni sauti yako. Mimi nataka ya kwake."

Barua iliyokuja na simu ilikuwa fupi. Dada aliandika kwamba kampuni yake ya simu imempa nyingine mpya, na hii ya zamani ni yetu. Tuipeleke Mombasa itiwe laini. Garsen mtandao haujafika, alijua, lakini utafika, na siku hiyo mama atamsikia akiwa papo hapo shambani, jembe mkononi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Minjila. Siku ya Ijumaa niliichukua simu nikaichaji kwenye duka moja la Garsen lililokuwa na jenereta. Ilipowaka, kioo chake kikawa kijani, na maandishi yakasema hakuna mtandao. Wafugaji wawili wa Kiorma waliokuja kununua sukari waliishika kwa zamu, wakaipima uzito kwenye viganja.

"Mtu yuko wapi hapa ndani?" mmoja akaniuliza.

"Ng'ambo," nikamjibu.

Likizo ya Agosti ilipofika, nilisema nitakwenda Mombasa peke yangu. Mama alikataa. Alivaa leso zake za kanisani, akafunga kikapu cha mchele, akapanda basi kabla yangu, akakaa nyuma ya askari wenye bunduki waliokuwa wakisindikiza magari siku hizo. Njia nzima simu ilikuwa kifuani mwake, ndani ya nguo.

Duka la simu lilikuwa kwenye barabara ya katikati ya mji, na fundi wake alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitoa laini ya dada, akatia ya kampuni ya hapa, akabonyeza. Simu ikawaka, ikalia mlio mfupi, ikadai namba za siri. Akajaribu laini nyingine. Mlio ule ule.

"Hii imefungwa, dada," akaniambia.

Mama alitaka kujua imefungwa na nani. Fundi akavuta kiti, akamweleza kama mtu anayemweleza mama yake mwenyewe.

"Mama, huko ng'ambo simu zinapatikana kwa njia mbili. Kuna ya kununua kwa bei yake yote. Hiyo ni huru, utaitia laini yoyote, hapa au Makka. Na kuna hii ya mkataba. Kampuni inakupa kwa bei ya chini, pengine bure, lakini unatia sahihi kuwalipa kila mwezi mpaka muda uishe. Na simu yenyewe wanaifunga, isikubali laini ya mwingine."

"Basi ni kama mwanangu," mama akasema. "Hospitali ilimlipia ndege. Akatia sahihi kuwatumikia miaka mitatu."

Fundi akacheka kwa heshima. "Ndiyo, mama. Ni vivyo hivyo."

"Na muda ukiisha?"

"Ukiisha, unaomba, wanakufungulia."

Mama akanigeukia. "Mitatu imeisha."

Dada alikuwa ameandika kwamba hospitali haijampa ruhusa, na mimi nilikuwa nimeisoma ile barua bila kuuliza.

Fundi alisema kuna mtu Nairobi anayeweza kuifungua, lakini hakuwa na uhakika. Akatuonyesha simu huru zilizokuwa kwenye kabati la kioo. Nilizitazama kama mtu anavyotazama magari ya wengine yakipita. Hata ningeipata moja, ningekwenda nayo wapi? Mtandao wenyewe uliishia mbali na kwetu.

Fundi akarudisha laini ya dada mahali pake. Kabla ya kuizima akasema, "Majina yake bado yamo. Kama kuna namba mnayoihitaji, iandikeni."

Yalikuwa machache. Kazini. Daktari wa meno. Kanisa. Na la mwisho, Nyumbani.

Nililisoma kwa sauti kabla sijafikiri. Uso wa mama ukachangamka. "Ametuandika!"

Lakini sisi hatukuwa na simu. Namba yenyewe ilikuwa ya huko huko. Nilimwambia mama ukweli, maana fundi alikuwa anatutazama na sikuweza kusema uongo mbele ya macho yale. Nikasema, "Mama, hapo ni kwake. Ana nyumba. Ana simu ndani."

Mama akasimama, akajifunga leso vizuri. "Twende tukampigie."

Tulinunua kadi ya simu pale posta kuu, tukajibana sote wawili ndani ya kibanda kimoja. Iliita mara nne. Sauti iliyoitikia ilisema jambo kwa Kiingereza cha haraka, na kwa nukta moja nilidhani nimekosea namba. Nikataja jina lake la utotoni. Hapo akaanza kulia. Mama akaninyang'anya mkono wa simu.

Walizungumza Kipokomo. Mama hakumuuliza hali. Alisema, "Nimeambiwa muda ukiisha mtu huomba afunguliwe. Wewe hujaomba?"

Niliweka sikio langu karibu na lake.

"Nilifunguliwa, mama," dada akasema. "Tangu mwaka jana. Nikatia sahihi tena."

"Kwa nini?"

"Mafuriko yalichukua nyumba. Ile ya mabati mnayoijenga huko juu, ningeijenga na nini?"

"Ungekuja hata kutuona tu."

"Naogopa, mama. Nikija, miguu itakataa kurudi huku."

Mama aliegemea kioo cha kibanda. Salio la kadi lilikuwa linateremka upesi, nami nikamgusa bega nikamwonyesha. Akasema kwa haraka, "Sijakasirika. Umesikia? Sijakasirika. Unakula nini huko?" Simu ikakatika kabla hajajibiwa.

Tulirudi Kulesa kesho yake. Nilimuuliza mama kama niipeleke simu Nairobi ikafunguliwe. Akasema niiache.

Mwaka uliofuata nguzo zilisimamishwa na simu ya posta ya Garsen ikalia tena. Dada hakusema tena habari za kibanda. Alipiga kutoka nyumbani kwake, amekaa, bila haraka, na sisi tulianza kusikia vitu tusivyowahi kuvisikia: mlango ukifungwa, redio ikisema chini chini, maji yakichuruzika kwenye karai.

Mara moja mama alimkatiza katikati ya maneno. "Kinachopiga mluzi hapo ni nini?"

"Birika, mama. Chai yangu imechemka."

"Basi nenda ukaitoe," mama akasema. "Mimi nipo, nangoja."

Tukangoja, mama amebana mkono wa simu sikioni kwa mikono miwili, akisikiliza nyayo za mwanawe zikienda jikoni, na kikombe kikiwekwa mezani.